Kati ya "Si" na "Hakuna"

Ukimsikia mtu akisema Buddha alifundisha kwamba binadamu hana nafsi, mwulize amelisoma wapi. Si kwa kumkomoa. Katika mafundisho yote ya Kibuddha sijui lingine linalotegemea kitabu ulichoanzia kama hili la anatta, na mimi mwenyewe nilianzia pabaya. Nilianza na kijitabu cha jalada la njano nilichonunua kwa wauza vitabu wa chini pale Posta, Dar es Salaam, na ukurasa wake wa kwanza ulinipa habari kwamba mimi sipo. Nilikuwa nakisoma kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Mtu aliyekanyagwa vidole njia nzima hadi Magomeni huwezi kumshawishi kwamba hayupo. Nikakifunga, na kwa miaka mingi nikabaki na imani kwamba Wabuddha ni watu wa mafumbo yasiyo na kazi.

Mwezi uliopita binti mmoja niliyewahi kumfundisha fasihi alinitumia ujumbe. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaingia kwenye lake: anasoma dini linganishi, amefika kwenye Ubuddha, na kila kitabu anachofungua kuhusu anatta kinamwacha kwenye giza nene kuliko lile aliloingia nalo. Nisome nini, mwalimu? Nikampa majina matano palepale. Usiku nikaona sijamsaidia, maana majina ya vitabu peke yake si jibu. Anachohitaji ni kujua aanze na kipi, na akiweke ubavuni mwa kipi. Ushauri wangu ni aache kwa muda vitabu vya maelezo, aanze na maandiko yenyewe yaliyo mafupi, na kila andiko alisome pamoja na la mapokeo mengine linalotumia picha ileile. Picha zikifanana, tofauti ya hoja hujitokeza yenyewe, kama doa kwenye kanzu.

Lakini kabla ya picha, sarufi. Anatta ni neno la Kipali: atta ni nafsi, na kile kipande cha mbele ni kikanushi. Ugomvi wote uko kwenye kikanushi. Wafasiri wa Kiingereza wamegawanyika kambi mbili, na kinachowatenganisha ni herufi moja tu, kwa hiyo msomaji mwenye haraka haoni kwamba amevuka mpaka. Sisi tuna bahati. Kiswahili kinatenganisha "si" na "hakuna" kwa namna ambayo hata mtoto hakosei. Ukimwambia "huyu si mjomba wako", hatalia akidhani mjomba amekufa. Atauliza mjomba yuko wapi, au atanyamaza na kuendelea kumtazama mgeni. "Mwili si nafsi" ni kauli ya aina hiyo. "Hakuna nafsi" ni kauli nyingine kabisa, na kile kijitabu cha njano kilirukia hiyo ya pili bila kupita kwenye ya kwanza.

Andiko la kwanza la kusoma ni Anattalakkhana Sutta, ambayo mapokeo yanaihesabu kuwa hotuba ya pili ya Buddha. Ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Mahali ni Isipatana, bustani ya swala nje ya Varanasi, panapoitwa Sarnath leo. Wasikilizaji ni watawa watano tu, wenzake wa zamani waliowahi kumkimbia alipoacha kujitesa kwa njaa. Hoja ya kwanza haina falsafa ngumu hata kidogo: mwili ungekuwa nafsi yako, usingeugua, na ungeweza kuuamuru uwe hivi na usiwe vile. Huwezi. Anakwenda hivyo hivyo kwa hisia za raha na karaha, kwa utambuzi, kwa misukumo ya nia, na kwa ufahamu wenyewe. Kisha anawauliza: kitu hiki ni cha kudumu au cha kupita? Kinachopita kinaleta raha au taabu? Basi inafaa kukitazama kitu kinachopita, chenye taabu, kinachogeuka, ukasema ni changu, ni mimi? Wanajibu haifai. Hotuba inaisha na wote watano wamefunguka.

Tazama kile ambacho hakikusemwa. Hakuna mahali katika hotuba hiyo anaposema hakuna nafsi. Anashika kitu kimoja kimoja na kusema si hiki.

Mwenye shaka na asome andiko la pili, fupi kuliko hilo. Mtu mmoja mzururaji wa dini, Vacchagotta, anamwendea Buddha na kumwuliza kama nafsi ipo. Buddha kimya. Basi haipo? Kimya. Vacchagotta anainuka na kwenda zake. Ananda, mhudumu wa Buddha, anashangaa, na anaelezwa hivi: kusema ipo kungekuwa kujiunga na wale wanaoamini nafsi ya milele, kusema haipo kungekuwa kujiunga na wale wanaoamini kwamba mtu hufutika, na huyu maskini aliyekwisha kuchanganyikiwa angechanganyikiwa zaidi, akidhani alikuwa na nafsi jana na leo imepotea. Mimi ningemkabidhi msomaji yeyote ukurasa huo kabla ya kitabu chochote chenye sura na faharasa.

Yale mambo matano yanaitwa khandha. Neno hilo lina maana nyingi kwa Kipali: rundo, shina la mti, hata bega. Ulaya wamelifasiri kwa maneno mazito yenye harufu ya maabara. Sisi tuna neno la sokoni: fungu. Mama wa nyanya pale Tandale hupanga nne chini na moja juu, na hilo ni fungu. Umwambie "niuzie fungu, nyanya bakia nazo", atakuona una wazimu. Lakini hakuna mtu anayesema fungu ni uongo. Watu wanalilipia na kwenda nalo nyumbani. Lipo kwa kupangwa, na lina jina kwa sababu kuna biashara ya kufanya. Mtu ni mafungu matano yaliyo pamoja. Sijaona tafsiri ya lugha yoyote inayolibeba hilo vizuri kama neno ambalo wauzaji wetu wanalitamka tangu alfajiri.

Nikija kwenye picha, naanza na ile iliyonigusa kuliko zote, kwa sababu nimekulia ndani yake. Katika Phena Sutta, Buddha akiwa ukingoni mwa Ganges anafananisha mafungu matano na vitu vitano: mwili ni povu linaloelea mtoni, hisia ni viputo vya mvua, utambuzi ni mazigazi ya adhuhuri, ufahamu ni kiinimacho cha mchawi wa njia panda. Misukumo ya nia ni mgomba. Mtu anaingia msituni na shoka kutafuta mbao ngumu, anauona mgomba mkubwa, anaukata, anaanza kuuvua maganda, na hapati hata mti laini, seuze kiini.

Wasomaji wengi wa Ulaya wanalipita hili, au wanaweka kitunguu badala yake. Mimi ni wa Bukoba, nyumba yetu iko katikati ya kibanja, na siku moja nikiwa likizo nilichukua panga nikaenda nyuma ya jiko kujaribu. Ganda la nje lilikuwa kavu, la kahawia, likatoka kama karatasi ya saruji. La pili lilikuwa zito na la kijani, na pale panga lilipopita ndani yake kulionekana vyumba vyumba kama sega la nyuki, vimejaa maji. Nikaendelea. Kila ganda lilikuwa jembamba na jeupe kuliko lililotangulia, na kila nilipodhani sasa nimefika, lilikuwa limekunja jingine. Mwisho kabisa nilikuta jani ambalo halijawahi kuona jua, limejiviringisha kama sigara, rangi ya siagi. Nikalikunjua, likawa jani. Utomvu ulikuwa umenilowanisha hadi kwenye kiwiko, na utomvu wa mgomba unaujua: shati lile sijalivaa tena mbele za watu.

Kuna mkulima hapa atanikatiza. Atasema mgomba una kiini: ukikata uliokwisha kutoa mkungu utakuta mhimili mweupe unaopanda kutoka kwenye tunguu hadi kwenye kikonyo. Kweli. Na hapo ndipo nilipolisoma andiko upya nikashtuka, kwa sababu andiko lenyewe limelisema: mgomba ule ulikuwa umenyooka, mchanga, usio na chipukizi la mkungu ndani. Aliyetoa mfano huu alikuwa amesimama shambani. Tangu siku hiyo nimekuwa mgumu kuamini wanaosema hotuba hizi ni nadharia za watu wa kukaa kivulini.

Sasa weka ubavuni mwake Chandogya Upanishad, kitabu cha Wabrahmini ambacho wanazuoni wengi wanakihesabu kuwa cha kale kuliko Buddha. Baba, Uddalaka, anamwagiza mwanawe Shvetaketu alete tunda la mtini mkubwa wa kule kwao. Lipasue. Unaona nini? Mbegu ndogo ndogo. Pasua moja. Unaona nini? Sioni kitu. Baba anamwambia kwamba hicho asichokiona, chembe ile ya ndani kabisa, ndicho kinachousimamisha mti mzima. Ndicho nafsi ya kila kitu. Na yeye mwanawe ndiye hicho.

Watu wawili wamepasua mmea hadi mwisho, na wote wawili hawakuona kitu. Mmoja anasema: hicho kisichoonekana ndicho wewe. Mwingine anasema: basi usiendelee kukitafuta kiini kwenye mgomba. Sidhani kuna utangulizi wa kitabu chochote unaoweza kuonyesha mpasuko kati ya mapokeo haya mawili kwa uwazi kama kurasa hizi mbili zikisomwa mchana mmoja. Na naomba nisieleweke vibaya: simcheki Uddalaka. Nikiri kwamba kwa uzuri wa hadithi yake, ningekuwa Shvetaketu ningemwamini baba.

Picha ya pili ni gari, nalo limezunguka kuliko mgomba. Katika Katha Upanishad, kijana Nachiketas amekwenda kwa Yama, bwana wa mauti, na anafundishwa kwamba mwili ni gari, akili ni mwendeshaji, fikra ni hatamu, hisia tano ni farasi, na nafsi ni yule bwana aliyekaa ndani. Ng'ambo ya pili ya dunia ya kale, Plato katika Phaedrus anamweka Socrates kando ya mto nje ya Athens akisimulia roho kama mwendeshaji mwenye farasi wawili wenye mbawa, mmoja mtiifu na mwingine mkorofi. Na karne nyingi baadaye al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasema katika Ihya, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wanakijua vizuri, kwamba akili ni mpanda farasi aliyetoka kuwinda, matamanio ni farasi wake na ghadhabu ni mbwa wake. Wote watatu wana farasi wasiotulia. Na wote watatu wana mtu juu.

Mtawa wa kike Vajira hana mtu juu. Amekaa kupumzika chini ya mti katika kichaka karibu na Savatthi. Mara, yule mshawishi, anamjia kumtia hofu kwa maswali: nani amemuumba kiumbe huyu, aliyemuumba yuko wapi, ametokea wapi? Vajira anamtambua mara moja, na anamjibu kwamba sehemu zikikutana watu husema "gari", na mafungu yakikutana watu husema "kiumbe". Ni hivyo tu. Mara anatoweka akinung'unika. Huyu bibi hapewi sifa anayostahili. Mfano wake unajulikana dunia nzima kwa jina la mtawa mwingine, Nagasena, aliyeutumia mbele ya mfalme Milinda, ingawa kitabu chenyewe cha Milindapanha kinamtaja Vajira kuwa ndiye mwenye mali.

Milinda ndiye Menander, mfalme Mgiriki aliyetawala sehemu za Afghanistan na Pakistan ya leo katika karne ya 2 KK. Sarafu zake zenye maandishi ya Kigiriki zipo hadi leo. Anamkuta Nagasena, anamwuliza jina. Nagasena anasema wanamwita Nagasena, ila hilo ni jina tu, hapatikani mtu humo. Mfalme anachemka: kucha ndizo Nagasena? Meno? Ini? Basi hakuna Nagasena, na wewe mheshimiwa unasema uongo. Nagasena anamwuliza kwa upole kama amekuja kwa miguu au kwa gari. Kwa gari. Ekseli ndiyo gari? Magurudumu? Nira? Hatamu? Basi hakuna gari, na wewe mfalme wa India yote unasema uongo.

Napenda sana mahali hapa, ila naona Nagasena anashinda kwa urahisi mno. Mfalme wa Kigiriki angeweza kumjibu kwamba gari ni sehemu zile zikiwa zimepangwa, na kwamba mpangilio si kitu kidogo. Mwulize msukuma mkokoteni wa Kariakoo kama mbao, ringi na misumari iliyotupwa uani ni mkokoteni. Lakini mfalme akijibu hivyo atakuwa amekubali kile Nagasena alichotaka: kwamba kinachofanya gari liwe gari hakikai ndani yake kama abiria. Tumerudi kwa mama wa nyanya.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna kikwazo ambacho Mgiriki hakuwa nacho, nacho ni neno lenyewe "nafsi". Limetoka kwenye Kiarabu likiwa na mizigo yake. Kurani inataja nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia, na kwenye mapokeo ya kisufi ngazi hizo zimekuwa njia ya safari. Nafsi kwetu ni kitu cha kutiwa adabu. Mtu akisikia kwamba Wabuddha wanaikana nafsi, haraka anawaza kupigana nayo, kufunga, kuinyima. Wasufi wanalo hata neno fana, kutoweka kwa mja, na wapo wanaosema basi ni yaleyale. Si yaleyale. Kwenye fana kuna Anayebaki baada ya mja kutoweka, na bila Yeye neno hilo halina maana. Nagasena hana wa kumwachia gari.

Ndiyo maana namwekea binti yangu yule Al-Inkishafi mezani, karibu na Dhammapada, mkusanyo wa beti za Buddha. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alilitunga shairi lile yapata miaka 200 iliyopita, na William Hichens alipolichapa London mwaka 1939 alilipa kichwa kidogo cha Kiingereza chenye maana ya kuamka kwa roho. Mshairi lakini anasema na moyo. Anaukemea, anausihi, anauliza kwa nini hausikii, anaupeleka kwenye magofu ya Pate uone majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya kauri ukutani, ambamo sasa popo wananing'inia na ndege wamefanya viota. Moyo bado mgumu. Ukilisoma shairi zima baada ya hotuba ya Isipatana unaona jambo la ajabu: Sayyid Abdalla ametoa ushahidi wa hoja ya kwanza ya Buddha bila kuijua. Moyo ungekuwa wake kwelikweli angeuamuru mara moja, akamaliza kwa ubeti mmoja.

Halafu njia zinaachana. Mshairi wa Pate anaubembeleza moyo kwa sababu utasimama kuhesabiwa. Shairi linaishia kwenye mioto ya Jahannamu. Katika Dhammapada kuna nyumba pia, na mjenzi wake. Buddha anamwambia mjenzi huyo kwamba ameonekana, makombamoyo yamevunjika, mwamba wa paa umepasuka, hatajenga tena. Anayeomboleza nyumba iliyoanguka na anayefurahi kwamba imeanguka wamesimama kwenye kifusi kinachofanana.

Baada ya maandiko, vitabu vya maelezo viruhusiwe. Cha Walpola Rahula, mtawa wa Sri Lanka, cha mwaka 1959 juu ya kile Buddha alichofundisha, bado ni chepesi na safi. Ila msomaji ajue kwamba Rahula ni mtu wa "hakuna", na hoja yake ina nguvu: Dhammapada inaposema vitu vilivyoungwa ni vya kupita na vina taabu, inatumia neno moja, inapofika kwenye anatta inabadili neno na kutumia lililo pana zaidi, linalojumuisha hata nibbana, yaani ukombozi wenyewe. Kwa hiyo, asema Rahula, hakuna kona iliyobaki ya kuifichia nafsi. Upande wa pili yuko Thanissaro, mtawa Mmarekani wa California, anayeshikilia kwamba anatta ni mbinu ya kuachilia na si jibu la swali la kama nafsi ipo, na shahidi wake mkuu ni ule ukimya mbele ya Vacchagotta. Nimewasoma wote wawili zaidi ya mara moja. Moyo wangu uko kwa Thanissaro, ingawa kila nikirudi kwa Rahula natikisika. Anayetaka utafiti mzito atafute kitabu cha Steven Collins cha mwaka 1982 kuhusu watu wasio na nafsi katika mapokeo ya Theravada. Kinasomeka polepole, na kinalipa.

David Hume asomwe, ila awe wa mwisho. Mwaka 1739 Mskoti huyu aliandika kwamba akijichungulia ndani haoni nafsi, anaona tu joto, baridi, chuki, furaha, furushi la mitazamo inayofuatana. Wanaomfananisha na Buddha hawakosei, ila wanasahau kilichofuata. Hume fikra zikimzidi huenda kula na kucheza mchezo wa mezani na marafiki. Sisi tungesema alikwenda barazani kupiga bao. Na mwaka uliofuata, kwenye kiambatisho, alikiri kwamba maelezo yake hayamridhishi. Kwake lilikuwa fumbo la chumba cha kusomea. Wale watano wa Isipatana walikuwa wanatafuta mlango wa kutokea.

Na John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya? Wanafunzi wa Nairobi na Dar humleta haraka: mtu ni watu, kwa hiyo hakuna "mimi" ya peke yake, kwa hiyo anatta. Mbiti katika kitabu chake cha mwaka 1969 anasema mtu hupatikana ndani ya jamaa, wakiwemo waliokufa na ambao hawajazaliwa. Hiyo ni nafsi iliyojengwa na wengi, imara kama nyumba ya ukoo. Buddha angeishika hiyo nayo na kuuliza kama inafaa kusema ni yangu. Tusilazimishe undugu pasipo na damu.

Kuna andiko moja naliacha liwe la mwishoni kwa sababu linavuruga kila kitu, na msomaji asiyevurugwa hajasoma. Linaitwa la mzigo. Buddha anasema mafungu matano ni mzigo, mbebaji wa mzigo ni mtu, yule mheshimiwa wa jina fulani na ukoo fulani. Kujitwisha ni tamaa, kuutua ni tamaa kukoma. Hamali yeyote wa bandari ya Mombasa atauliza: kumbe yupo mbebaji? Hilo hasa ndilo waliloshikilia Wapudgalavada, dhehebu la Kibuddha lililosema mtu yupo, si sawa na mafungu na si mbali nayo, mfano wa moto na kuni. Vasubandhu, mwanazuoni wa Kibuddha, aliwashambulia katika sura nzima mwishoni mwa Abhidharmakosha. Hawakuwa kikundi cha pembeni: Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyezunguka India karne ya 7, aliwakuta kwa maelfu. Vitabu vyao karibu vyote vimepotea, na kwa kiasi kikubwa tunawajua kupitia midomo ya wapinzani wao. Nawahurumia. Walikuwa na wasiwasi wa haki: kama hakuna mbebaji, nani anadaiwa?

Milinda naye aliuliza hivyo. Asiyekuwa yule yule anawezaje kubeba matokeo ya matendo ya jana? Nagasena akamjibu kwa maembe. Mtu ameiba maembe, amekamatwa, anajitetea kwa mfalme: maembe aliyopanda mwenye shamba ni mengine, niliyochukua mimi ni mengine, sina hatia. Mfalme atamwadhibu? Atamwadhibu, alisema Milinda, kwa sababu haya yametokana na yale. Mwembe hauna kiini kinachohama kutoka kwenye kokwa hadi kwenye tunda, na hata hivyo mwizi ni mwizi. Katika hoja zote za kitabu kile hii ndiyo inayonitosha, labda kwa sababu ya siku ile ya panga.

Nilikuwa bado nimechuchumaa nyuma ya jiko, maganda yamenizunguka, lile jani la rangi ya siagi liko mapajani, najiona nimeelewa jambo, nilipomsikia mama anakuja na ndoo ya maji. Akasimama. Akautazama mgomba, kisha akautazama wa pili, ule wenye mkungu uliokuwa ukiuegemea na ambao sasa ulikuwa umeinama kuelekea kwenye banda la mbuzi.

"Nani kakata mgomba wangu?"

"Ni mimi, mama," nikasema, nikainuka kwenda kutafuta mti wa kuegesha.